Mwovu Aliyekaa Msibani

Binti yangu wa kidato cha tatu alinipa nafasi ya mwisho. Likizo iliyotangulia nilikuwa nimesimamisha filamu mara saba ili nieleze mambo ya wahusika, elimu niliyoipata chuo kikuu na ambayo hadi leo haijanipatia hata kuku. Safari hii sharti lilikuwa moja: nikisema neno, natoka kwenye kochi, na likizo nzima anatazama bila mimi. Nikaapa. Anarudi kutoka bwenini mara mbili tu kwa mwaka, na kochi lile ndilo mahali pekee anapokaa karibu nami kwa hiari.

Tulikuwa watatu sebuleni kwetu Ibighi, mvua ikipiga bati: yeye, mimi, na mama yangu, aliyekuja kutoka Lufingo kuchukua miwani yake ya kwanza maishani. Filamu ilikuwa ya shujaa anayeruka angani na nguo ya kubana, mojawapo ya zile ambazo kijana husimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji.

Ilianza na msiba. Mfalme mzee amefariki. Mwanawe mkubwa, ndiye shujaa mwenyewe, akaingia amechelewa, miwani myeusi usoni, akatania watu wawili watatu, akaondoka kabla baba hajafukiwa. Mdogo alibeba jeneza, akamkalisha mama yao, akabaki kaburini peke yake.

"Huyu ndiye," mama akasema, akimnyooshea kidole mdogo. "Huyu kalelewa."

"Bibi, huyo ndiye mbaya!"

"Mbaya? Mbaya ni yule aliyepita msibani kama anapita sokoni."

Kwetu mtu hupimwa msibani. Ukipasua kuni, ukabeba maji, ukalala chini na wafiwa, hata ukikosea baadaye utapata wa kukutetea. Nikajaza mdomo ndizi ya kuchemsha ili nisiongee.

Mama akamshangilia mdogo nusu saa nzima. Kisha yule mdogo akashika jiwe linalong'aa, macho yakawa mekundu, akatangaza kwamba ataangamiza dunia. Mama akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Dunia yote?"

"Yote, Bibi."

"Na mama yake yumo?"

"Yumo."

"Na kaburi alilofukia kwa mikono yake?"

"Nadhani."

"Basi huyu kijana anayesimulia amekosea kutafsiri."

Nilikuwa natokwa na jasho. Nilichoandikia kurasa arobaini chuoni, kwamba mwovu lazima awe na sababu, mama alikuwa amekimaliza akifuta miwani. Wakati huo mwovu akamkaba shujaa shingo na, badala ya kumaliza kazi, akaanza kumweleza mpango wake wote.

"Kawa mgeni rasmi," mama akasema.

Binti yangu akacheka hadi akateleza kutoka kwenye kochi. Mimi nikacheka kwa pua. Pua si neno.

"Baba," akasema akijifuta machozi, "hebu mweleze Bibi. Lile jiwe limembadilisha. Sema tu, nimekuruhusu."

Nikasimama. Nilikusudia sentensi mbili. Nikasema jiwe haliwezi kushika nafasi ya sababu. Nikahamia kwa shujaa, ambaye hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi siku ya mazishi. Nikafika kwa mama yao, aliyepotea tangu kaburini, kana kwamba mama yeyote angewaacha wanawe wauane bila kuita baba zao wadogo. Mikono yangu ilikuwa juu. Nilipofika kwenye "kwa hiyo," nikasikia muziki. Nikageuka. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda.

"Nani kashinda?" nikauliza.

"Tutajuaje? Ulisimama mbele ya runinga."

"Adui ndiye huyu sasa," mama akasema. "Kawakaba watu, anahutubia."

Kesho yake mchana wakatazama sehemu ya pili. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi mbichi kwenye beseni, utomvu umenijaa vidoleni, kicheko chao kikipenya mlangoni.

"Mama yao katokea?" nikapaza sauti.

"Baba, menya!"

Nikamenya. Punde mlango ukafunguka kidogo, binti yangu akachungulia.

"Katokea," akanong'ona. "Ana fimbo. Njoo na beseni lako, ukae chini. Ukisimama tu, unarudi huku."