Nani Amelaza Mahame?

Mjukuu wangu ni mwanasheria. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nisilirudie, ingawa ukikutana nami sokoni Issuna utalisikia tena. Juzi alikuja likizo, akakaa nami jikoni nikichambua mlenda, akanisimulia kwamba kuna bunge la nchi moja ya mbali ambako mbunge mmoja, peke yake, anaweza kuzuia muswada usipigiwe kura, na jina lake lisitajwe. Anamnong'oneza kiongozi wake, basi, mambo yamekwama. Wananchi wanabaki kuulizana ni nani.

"Bibi, mbona hushangai?"

"Nishangae nini? Hata sisi tulikuwa nalo hilo hapa. Tuliliita kulaza."

Akaiweka simu chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiiweka chini kwa hiari yake. Nilipomaliza kumsimulia alisema, andika, Bibi. Shule yangu mimi ni darasa la pili na kisomo cha watu wazima, kwa hiyo msinitafutie makosa.

Kijiji chetu kiko upande wa Ihanja. Kabla ya kuhamishwa, kila mtu alikaa kwenye tembe lake, mbali na mwenzake, zizi la ng'ombe mbele ya mlango na shamba likizunguka zizi. Samadi ya baba na ya babu ilikuwa imeingia kwenye udongo ule mpaka ukawa mweusi. Kisha ikaja amri ya kukaa pamoja. Matembe yakabomolewa, tukapangwa kwa mistari kandokando ya barabara, juu ya mchanga mtupu. Sitasema uongo: shule tulipata, zahanati tulipata, na mama yake huyo mwanasheria alisoma shule ile. Lakini mchanga ule haukujua kuzaa. Makao yetu ya zamani tukayaita mahame, na ng'ombe wakawa wanachungwa humo, wanakula majani marefu yaliyoota juu ya jasho letu.

Mwaka ninaousimulia kihenge changu cha nafaka kilikuwa kitupu, ukiongea karibu nacho sauti inakurudia. Nilikuwa na mama mkwe asiyeona, watoto wadogo, na mimba. Mume wangu alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa pwani, hana habari hana salamu. Nikipanda tena uwele kwenye mchanga, najua nitavuna mabua ya kuchokonolea meno. Mimi njaa naijua. Sikuwa tayari kumpikia mama mkwe magome.

Wanawake tulikubaliana kisimani: tuombe ruhusa ya kulima mahame. Kulima tu, kulala tunarudi kijijini. Bwana shamba alisema inawezekana, akashauri pote papimwe kwa kamba, vipande viwe sawa, kila mwanamke aokote kijiti ajue kipande chake. Tukaona ni haki.

Halmashauri ya kijiji ilikuwa na wanawake wawili tu: mimi, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Tulisagia jiwe moja, tulibebeana watoto. Wanawake wakatutwika ombi lao sisi wawili. Mimi nikasema maneno mengi. Mwenzangu akaitikia kwa kichwa.

Sasa niwaeleze kulaza. Tulikuwa tumetupwa pamoja watu tusiojuana vizuri, wa kanisani na wa msikitini, koo hii na koo ile. Ukimpinga mtu mchana kweupe, na mtoto wako akaugua wiki hiyo, utasema ni yeye. Kwa hiyo wajumbe walikubaliana tangu mkutano wa kwanza: mtu akiwa na kinachomuuma juu ya jambo, aende nyumbani kwa mwenyekiti, aseme, "Hilo lilale." Siku ya mkutano mwenyekiti anatangaza, "Hili limelala," anapita kwenda linalofuata. Halipigiwi kura mpaka aliyelilaza aliamshe mwenyewe. Hakuna anayeuliza ni nani, na mwenyekiti hasemi hata kwa mke wake. Tusiuite utaratibu wa kijinga. Mambo ambayo yangetukunjisha mashati yalilala salama, na wenyewe tukasahau kwamba tulitaka kupigana.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa lisiloezekwa bado. Nilivaa kanga yangu nzuri, nikasimama nimejiandaa.

"Kaa, mama," mwenyekiti akasema. "La mahame limelala."

"Limelala vipi? Hata sijafungua mdomo!"

"Limelala, ndugu. Tuendelee. Mbuzi wanaoharibu bustani ya shule."

Nikakaa. Mkutano uliofuata, vile vile: limelala. Upepo ulikuwa umeshaanza kugeuka, joto limepanda, na kila mwenye akili alikuwa ananoa jembe. Mimi nanoa la nini?

Kisimani kila mtu alikuwa na jibu. Ni mzee wa ng'ombe. Nani mwingine? Alikuwa mjumbe, alikuwa na kundi kubwa kuliko wote, na kundi lake ndilo lililonona mahame. Hatukuwa na njia ya kumfikia yeye, tukamfikia mke wake. Akija na mtungi, wanawake wanasogea kama amekuja na upele.

"Mpisheni mama ng'ombe achote! Ndama wake wana kiu kuliko watoto wetu."

"Mume wangu hajalaza kitu," akajibu.

"Umejuaje? Kwani unalala naye mkutanoni?"

Wakacheka. Yule mama akajitwisha mtungi nusu, akaondoka. Baada ya hapo alichota maji kwenye kisima cha mbali, kule bondeni, na alikuwa mtu mzima kuliko sisi. Siku ile mwenzangu ndiye aliyeshika kamba ya ndoo. Hakucheka. Alikuwa anatazama maji.

Nikaenda kwa mwenyekiti asubuhi moja, anakamua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuuliza jina, rudi nyumbani."

"Watoto wangu watakula nini?"

Akaacha kukamua. Hakuwa mtu mbaya. "Nilitoa neno langu," akasema. "Mtu akilaza, sina jina lake. Hata wewe ukilaza leo, hakuna atakayejua kwamba ni wewe."

Nikaaga. Nilifika kwenye ua wake wa minyaa, nikakumbuka mambo mengine ya mkutano ujao, nikageuka.

"Shikamoo tena, mzee."

"Umesahau nini?"

"Kilabu cha pombe. Ile ruhusa ya kufungua siku za kazi. Ilale."

Akanitazama. "Wewe hunywi."

"Ndiyo maana inaniuma. Na kiwanja cha mpira nacho kilale. Na yule fahali wa kuchinjia wageni wa wilaya."

"Fahali amekukosea nini?"

"Naye ana usingizi."

Kibuyu cha maziwa kilitaka kumponyoka. Lakini neno lake lilikuwa neno lake, na nilijua hivyo.

Mkutano ule sitausahau mpaka naingia kaburini. Wanaume walikuja mapema, wamenyoa ndevu, maana kilabu kilikuwa jambo kubwa. Mwenyekiti akasimama.

"Ruhusa ya kilabu imelala."

Shingo zikanyooka. Kisha: "Nini?"

"Kiwanja cha mpira kimelala. Fahali wa wageni amelala. La mahame bado limelala. Kama hakuna lingine, tufunge."

Nakwambia, darasa lile halikuwa na paa, lakini kama lingekuwa nalo lingepaa. Wanaume wazima walipiga kelele kama wamenyang'anywa wake. Nani amelaza pombe? Asimame tumwone sura! Mmoja akamnyooshea kidole mzee wa ng'ombe: "Ni wewe! Umezoea kulaza mahame, sasa umehamia kwenye pombe!"

Mzee wa ng'ombe akainuka taratibu, akaweka mkono kifuani.

"Mimi? Mimi nilaze pombe?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee huyu pombe ya mtama ilikuwa inamjua kwa jina. Mkewe alikuwa akimfuata kilabuni kama anayetafuta ndama aliyepotea. Hakuna aliyeweza kuamini, na wakicheka hivyo niliona nyuso zikibadilika: kama si yeye kwenye pombe, basi labda hata kwenye mahame si yeye.

Yeye hakucheka. "Mke wangu anachota maji bondeni kwa sababu ya kitu nisichokifanya," akasema. "Nimechoka. Natoa hoja. Anayelaza asimame aseme kinachomuuma. Asiposimama, jambo liamke. Tupige kura."

Nadhani mwenyekiti alijua anachokaribia kupoteza. Lakini hoja ilikuwa hoja, na haikuwa imelazwa na mtu. Mikono ikainuka, mingi kwa hasira ya pombe, na wangu juu kuliko yote. Mwenzangu hakuinua.

"Imepita," mwenyekiti akasema. "Aliyelaza kilabu asimame."

Nikasimama. Ungeona macho yao!

"Kiwanja cha mpira?"

"Nimeshasimama, ndugu mwenyekiti."

"Fahali?"

"Niko hapa hapa."

"Mwanamke huyu ana wazimu!" mmoja akapiga kelele.

"Sina wazimu, shemeji, nina njaa. Nimelaza vitu vyenu ili mjue inavyouma. Naviamsha vyote sasa hivi. Kunyweni, chezeni, chinjeni. Sasa aliyelaza mahame naye asimame, tutazamane."

Nilikuwa nawatazama wanaume. Nilikuwa nimeshachagua wawili watatu wa kutazamana nao. Ndipo nikasikia kanga ikigusa kanga yangu. Mwenzangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu.

Nilidhani amesimama kunisaidia. Nikamshika mkono.

"Ni mimi," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena. Alisema mwanawe, yule wa mwisho, alifia kule wiki walipokuja kubomoa. Sisi wengine tulikuwa tumeshapakiwa na vyombo vyetu. Alimzika mlangoni kwa tembe lake, na tembe likaangushwa juu yake, na sasa hakuna alama. Kamba ya bwana shamba ikipita na vijiti vikiokotwa, pale patakuwa kipande cha mtu mwingine, na mtu huyo atapiga jembe.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. Mbele ya watu wote, nikamuuliza.

"Niseme nini? Waliolilia mahame walisemwaje, umesahau? Waliitwa wapinga maendeleo. Mimi nina mume na watoto wengine. Na nilijua nikianza kusema nitalia, na kweli nalia."

Hata wale wa pombe walitazama chini. Mzee wa ng'ombe ndiye aliyeinuka. Akasema, kamba ya nini? Kila mwanamke si anajua palipokuwa mlango wake? Kila mtu arudi kwenye udongo wake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Bwana shamba alitaka usawa, sisi tukaupenda, hakuna aliyefikiria njia nyingine kwa sababu hakuna aliyejua kinachozuia. Mikono ikainuka yote. Kilabu kikapita baadaye, mikono hiyo hiyo, kwa furaha zaidi.

Tukitoka, mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Umepata shamba, mwanangu. Lakini wengine humu sasa watanyamaza tu."

Na ni kweli, wapo walionyamaza. Mwaka uliofuata jambo la kiwanja cha kuswalia na kiwanja cha kanisa lilisimamishwa wazi, na watu wakavuliana mashati kama tulivyokuwa tukiogopa. Wakati huo nilimkumbuka mwenyekiti anakamua. Nilikuwa nimevunja kitu kilichotutunza, nikapata chakula. Mjukuu wangu aliniuliza juzi, kwa hiyo Bibi, ule utaratibu ulikuwa mzuri au mbaya? Nikamwambia sijui, anipe ungo.

Siku ya kwanza ya mvua tulikwenda mahame wanawake wote. Kwa mwenzangu tulitafuta mlango. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, udongo wa ukuta umeyeyuka na kuwa kichuguu. Aliyepaona ni mke wa mzee wa ng'ombe, ambaye alikuja bila kuitwa, na jembe lake begani. Alikanyaga jiwe la kusagia lililozama, akaita. Mwenzangu alipiga magoti, akapapasa, akasema, "Ni hapa, kulia kwa jiwe."

Alipoinuka alimgeukia yule mama, akataka kusema neno. Yule mama akamwambia, "Lima kwanza, mvua haikungoji. Kesho nitachota maji kisima cha karibu, utanishikia kamba."

Uwele wangu mwaka ule ulinipita kichwa. Mama mkwe alipapasa suke kwa vidole vyake, akacheka peke yake. Mtoto niliyembeba tumboni alizaliwa kihenge kikiwa kimejaa, naye ndiye mama wa mwanasheria.

Mwenzangu ametangulia, na shamba lake analilima mkwe wake, binti wa kule Iramba ambaye hakuwahi kumwona yule mtoto wala tembe lile. Nilimtembelea msimu uliopita. Alikuwa analima kwa ng'ombe wawili, na alipofika karibu na lile jiwe aliwageuza, akaacha nyasi zilivyo, akaendelea upande wa pili.