Ngoma ya Kuwaanzishia Wageni

Mwalimu mkuu wetu hapa Tunduma aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, wewe si wa Mbozi? Wafundishe watoto ngoma ya asili kwa ajili ya mahafali. Chagua yoyote tu."

Yoyote! Bibi yangu asingelivumilia neno hilo.

Kule Itaka, kijijini kwetu Mbozi, bibi ndiye aliyewafundisha ngoma wageni: wanawake walioolewa kutoka mbali, watoto wa vibarua wa kahawa, na sisi wajukuu wa mjini tuliokwenda likizo. Jioni za msimu, mikono bado inanata utamu wa kahawa mbivu na ua mzima unanuka maganda yaliyochacha, alitukusanya kando ya vichanja vya kuanikia. Kwanza tulikula kande. Mtu mwenye njaa, alisema, haisikii ngoma.

Hakuanza na ile nzuri, ya kutikisa mabega huku miguu ikifuata mdundo wake. Mgeni ukimwanzisha na hiyo, alisema, anajiona ana miguu ya kuazima, na kesho harudi. Za msiba hakuzigusa mbele ya watoto. Alituanzishia ngoma ya mavuno. Mnashikana duara, mnatembea kama mnaokwenda shambani, na kiitikio ni neno moja ambalo hata asiyejua Kinyiha analishika. Hakuna wa mbele wa kutazamwa wala wa nyuma wa kuchekwa. Halafu wimbo unabadilika, duara linageuka, na bila kujua imekuwaje, unacheza. Mke wa mjomba, aliyeletwa kutoka Ileje akiwa mpole kama mgonjwa, nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza pale duara lilipogeuka.

Basi ngoma ya kuwafundisha watoto niliijua. Nilichokuwa nimekisahau ni hiyo sehemu ya pili, na bibi alikwisha kufa. Jumamosi nikaenda Itaka kwa mama mkubwa, mtu pekee aliyebaki kati ya waliocheza naye.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, maharage yako jikoni."

Nilipomweleza, uso wake ulichangamka. Akasimama, akashika nguzo ya jiko, akaanza. Miguu ilikwenda vizuri, sauti ilikuwa ileile. Alipofika pa kugeuka, akanyamaza. Akaanza tena mwanzo. Akakwama palepale.

"Subiri, inakuja," akasema.

Tulisubiri mpaka maharage yakaanza kuungua. Haikuja.

"Nilidhani ninayo," akasema, akikaa taratibu. "Nani wa kuimba naye? Kanisani ni kwaya, harusini wanaleta spika. Mke wa mjomba wako ndiye aliyeipenda. Naye tumemzika."

Nikarudi Tunduma na nusu ya ngoma. Watoto wa wafanyabiashara na wa madereva wa malori, wengi wasiojua hata neno la Kinyiha, waliishika alasiri moja, wakitembea duara huku wakicheka. Bibi alichagua vizuri. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, baada ya hapo tunafanyaje?"

Nilijaribu kutunga mwisho. Ukatoka kama gwaride. Mwalimu mkuu alitazama kwa heshima, akasema ni fupi mno, wazazi watashangaa. Siku ya mahafali watoto walicheza wimbo wa kwenye simu, nao walifurahi kweli. Siwalaumu.

Tangu Jumamosi ile mama mkubwa alizoea kunipigia asubuhi, akininong'onea wimbo kwenye simu, akifika palepale na kukata. Wiki hii alipiga tena.

"Mwanangu, ulikuwa unataka wimbo gani vile?"

Nikamwimbia nusu niliyonayo. Alisikiliza mpaka nilipokwama.

"Mzuri," akasema. "Ni wa watu wa wapi?"