Fundi Anayepima Oili Lori Likinguruma

Saa moja na nusu asubuhi, Ngamiani, mjini Tanga. Uweso Zubeiri amesimama juu ya kigoda, kichwa kimezama ndani ya boneti ya lori la Kimarekani, na injini inanguruma. Anachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Anakisogeza karibu na macho na kukunja uso.

Muuza kahawa anayepita anamshauri alizime kwanza kabla halijamla vidole. Watu wawili wanacheka. Uweso anakifuta kijiti tena. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 1957 naye angecheka pamoja nao.

Kwa miaka kumi na minne, tangu alipofunzwa ufundi jeshini wakati wa vita, amepima oili ya kila gari kwa namna moja: asubuhi, injini imezimwa, imepoa. Ndivyo afanyavyo fundi mwenye adabu. Lori hili halitaki adabu hiyo, na lilikaribia kumtoa mtu kazini kabla Uweso hajalielewa.

“Ukiniuliza kwa nini linataka kupimwa likiwa macho, sijui,” anasema. “Nakwambia tu ndivyo linavyotaka.”

Uweso ana miaka arobaini na miwili. Anaishi Nguvumali katika vyumba viwili pamoja na mkewe, Mwatumu, na watoto watano. Katika gereji ya Bwana Akberali analipwa shilingi mia na sabini kwa mwezi, na Mwatumu huongeza kidogo kwa kuuza vitumbua. Hawalali njaa, lakini viatu vya shule hununuliwa kwa zamu.

Lori lenyewe ni moja kati ya mawili yaliyoletwa mwaka jana na shamba moja la mkonge upande wa Maramba, yabebe robota hadi bandarini. Hayana klachi. Dereva anakanyaga mafuta, na gia zinajibadili zenyewe.

Anayeliendesha ni Abrahamu, Mbondei wa Muheza. Siku ya kwanza alikaribia kubomoa ukuta wa ghala, kwa kuwa mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi ukakuta breki. Tangu hapo huvua kiatu cha kushoto kabla ya kuwasha gari. Anasema mguu mtupu hukumbuka kwamba hauna kazi.

Baada ya mwaka mmoja, lori likaanza kutetemeka. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini likikuta kilima na mzigo mgongoni, lilitikisika kama mtu mwenye homa ya malaria. Meneja wa shamba, Mgiriki asiyependa maneno mengi, alikwishatoa hukumu yake: dereva ameliua kwa mguu wake wa kushoto. Alimwambia Abrahamu alipeleke Tanga, na likirudi bado linatetemeka, akabidhi ufunguo.

Abrahamu ana mama mgonjwa na mke mjamzito. Alipofika gereji hakuomba gari litengenezwe. Aliomba aaminiwe.

“Kaka Uweso, mimi mguu huu siutumii,” alisema. “Ungeweza kuukata ukauweka kwenye toroli, nami ningeendesha.”

Uweso alifungua nati ya chini ya giaboksi. Ilitoka oili nyeusi, nzito, yenye harufu ya ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Akaifikicha kati ya vidole akaijua: oili ya injini. Fundi wa shambani aliitia kwa nia njema, akiamini kuwa oili ni oili.

Akberali naye aliamini hivyo hivyo. Alimwambia Uweso achukue ya pipa lililopo, afunge kazi. Uweso akakataa. Aliagiza lile lori la pili, ambalo halijaguswa na fundi, akalichungulia. Oili yake ilikuwa nyepesi, na nyekundu kama sharubati. Akatia kidogo kwenye chupa ya dawa ya kifua na kuanza kuizungusha mjini.

Siku mbili alipita duka hadi duka. Muuzaji mmoja akamletea oili ya breki. Mwingine akamnong'oneza kwamba akitaka nyekundu, Mwatumu bila shaka ana mawese jikoni. Siku ya tatu, kwenye bohari moja karibu na bandari, karani aliinusa ile chupa na kuingia ndani. Akarudi na makopo yenye vumbi ambayo hakuna aliyekuwa ameyaulizia. Akamsomea Uweso maandishi: ni oili ya gia zinazojibadili.

Hata kuibadili kulikuwa na maajabu yake. Alipomwaga ile nyeusi, ilitoka nusu tu. Nyingine ilibaki imejificha ndani, hajui wapi. Akatia nyekundu, Abrahamu akaliendesha hadi Pongwe na kurudi, wakamwaga tena, wakatia tena. Lori likapanda na mzigo wake bila kutikisika. Abrahamu alirudi akiimba nyimbo za kanisani barabara nzima.

Furaha hiyo haikudumu wiki mbili.

Lori lilikuwa likilala gereji mara mbili kwa wiki, likisubiri zamu ya bandarini. Kila lilipolala, Uweso aliamka mapema, akalipima likiwa limepoa, kama apimavyo magari yote. Kijiti kilionyesha oili imepita alama. Alishangaa, kwani alikuwa ametia kwa uangalifu. Akapunguza painti moja. Mara ya pili ikawa imepita tena, akapunguza. Mara ya tatu, vilevile.

Siku iliyofuata lori likaanza kutetemeka upya, vibaya kuliko kwanza.

Meneja akatoa siku tatu. Abrahamu alikuja gereji bila utani wowote. Uweso anakiri kwamba siku hiyo hata yeye alianza kuuangalia ule mguu wa kushoto kwa shaka.

Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo Abrahamu hakuthubutu kuzima injini. Uweso akapima hivyo hivyo, likinguruma. Kijiti kikatoka kikavu. Akadhani amekosea tundu. Akamwambia azime liwalo na liwe, wakakaa kidogo, akapima tena. Oili imepita alama.

“Nilirudia mara tano, kwa betri ya kuazima,” anasema. “Kijiti kimoja, lori moja, mtu mmoja, maneno mawili. Nikadhani nimeanza kurukwa na akili. Nikaketi chini.”

Hakuwa na kitabu wala wa kumuuliza. Alichokuwa nacho ni wazo moja la kawaida kabisa: lori halibebi mkonge likiwa limezimwa. Basi neno la kuaminiwa ni lile la injini inayokwenda. Akatia nyekundu kidogo kidogo, injini ikiwa ya moto na inanguruma, mpaka kijiti kikafika alama. Wakalipeleka kilimani na robota zake zote. Halikutikisika.

Ndipo akaelewa jambo moja tu, lile baya. Oili iliyokosekana haikuliwa na mguu wa Abrahamu. Aliitoa yeye, painti baada ya painti, kwa mikono yake safi.

Meneja alikuja mwenyewe kulitazama. Akamsifu fundi. Kisha akanyoosha mkono kwa Abrahamu kudai ufunguo, akisema gari limepona lakini aliyeliharibu hatalirudisha kwake likiwa bovu mara ya tatu. Akberali alisimama nyuma ya meneja, akimkazia Uweso macho ya kumwambia anyamaze. Kazi za shamba lile zilikuwa robo ya kazi zote za gereji.

Uweso alifuta mikono kwa tambara, akasogea mbele.

“Bwana, mara ya kwanza lilitiwa oili isiyo yake,” alimwambia meneja. “Mara ya pili niliitoa mimi. Dereva hana kosa.”

Meneja alimtazama fundi, akautazama mguu wa Abrahamu usio na kiatu, akauliza maswali matatu. Uweso alijibu mawili. La tatu, kwa nini oili ipande gari likizimwa, alisema hajui. Mgiriki akamrudishia Abrahamu ufunguo. Akaamuru kwamba tangu siku hiyo malori yote mawili yapimwe na Uweso peke yake, injini ikinguruma, na kama hajui jibu la swali la tatu, alitafute.

Akberali hakumsemesha kwa siku nane. Siku ya tisa alimtumia chai.

Swali la tatu bado limemkaa Uweso. Ameambiwa kwamba Mombasa kuna giaboksi ya aina hii, imevunjika, inauzwa kama chuma chakavu. Akberali amekubali iletwe kwa sharti kwamba isiguse saa za kazi. Abrahamu, ambaye mkewe amejifungua mtoto wa kike, ameahidi kuibeba bure.

“Jumapili nitatandika shuka jeupe sakafuni, nipange kila kipande kwa zamu yake kilivyotoka,” anasema Uweso. “Pengine nitashindwa kuifunga. Lakini nitakuwa nimeiona oili inakokwenda kujificha.”