Siku Ekzosi Yangu Ilipotawanya Ng'ombe wa Mahari

Siku walipoletwa ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu Kabula naikumbuka kama juzi, mwanangu, ingawa leo wajukuu wananiita bibi. Nasikia umenunua gari lenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ipate nguvu, na unataka kuyatoa masega ya ekzosi ili lichanganye mwendo vizuri. Kaa kwanza nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nauza vitenge mjini Bariadi, na nilikuwa na gari dogo jekundu lenye tabo, mtumba kutoka Japani. Usicheke. Sisi bibi zenu tulikuwa na mguu mzito kwenye mafuta.

Gari lilikuwa limeanza kuchoka. Ukikanyaga mafuta, linaguna tu kama mtu aliyeamshwa mapema. Nikalipeleka kwa Fundi Rashidi, mzee mpole mwenye gereji nyuma ya soko. Akalifungua, akanionyesha masega, yale matundu madogo madogo ndani ya bomba la ekzosi ambayo kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Yalikuwa yameziba kwa masizi.

"Tabo inataka kupumua, binti yangu," akaniambia. "Haya yameikaba koo. Nitakuagizia Mwanza masega mapana. Yanapitisha moshi upesi, na bado yanausafisha. Vumilia wiki mbili."

Wiki mbili! Na mahari ilikuwa Jumamosi ile, na nilitaka wakwe waone dada wa bibi harusi ni mtu wa namna gani. Nikatafuta fundi mwingine, akayang'oa masega yote, akaacha bomba tupu. Asiyesikia la mkuu, wahenga walishamwambia yatakayompata.

Gari likapata sauti, mwanangu! Watu waligeuza shingo mji mzima. Harufu ya moshi iliingia mpaka ndani, nami nikafungua vioo nikajidanganya kuwa ni joto.

Jumamosi nikaenda nyumbani Nkoma. Wakwe walikuwa wametoka Lamadi, wakiswaga ng'ombe wao tangu jana yake, na sasa ng'ombe wamesimama uwanjani, wazee wanawakagua. Nikaingia kwa mbwembwe. Nilipoachia mafuta ili nipunguze mwendo, ekzosi ikalia: paa! Kisha tena: paa!

Ng'ombe waliruka uzio kama swala. Mmoja alipita na kitenge cha shangazi kwenye pembe. Kufumba na kufumbua, mahari yote ya mdogo wangu ilikuwa imetokomea kwenye mashamba ya pamba.

Bibi yake bwana harusi, mtu mzima mwenye fimbo, akasema taratibu, "Ng'ombe wakikimbia uwanja, mizimu imekataa." Wazee wa upande wao wakaanza kutazamana. Ndani ya nyumba nikamsikia Kabula akilia.

Baba akasimama. Akavua kofia.

"Mama, mizimu haijasema neno," akamjibu. "Aliyesema ni ekzosi ya binti yangu huyu, Minza."

Yule bibi akamtazama Baba, akanitazama mimi, akalitazama gari. Kisha akacheka, akacheka hata akaomba kigoda. Hapo uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikaingia kwenye pamba pamoja na vijana wa pande zote mbili, tukakimbizana na ng'ombe mpaka jua lilipoanza kuinama. Walipopatikana wote, hakuna aliyekumbuka nani mkwe na nani mwenyeji.

Lakini Baba aliniita kando. "Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, maana Kisukuma alikihifadhi kwa maneno mazito, "umewahi kulisikia dume la kuvuta jembe likipiga kelele linapolima?"

"Hapana, Baba."

"Na shamba linalimika?"

"Linalimika."

Jumatatu nilikuwa kwa Fundi Rashidi kabla hajafungua mlango. Hakunisimanga, habari ilikuwa imeshamfikia, naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikamwomba aagize yale masega mapana; yalipofika, akayafunga.

Siku ya harusi nilimpeleka Kabula Lamadi, na shangazi watatu wanene nyuma. Gari lilivuta kama halikubeba mtu, tabo ikiitika mara tu nikigusa mafuta, wala hapakuwa na harufu. Shangazi waliimba njia nzima, na watu wa barabarani walisikia nyimbo zao, si gari. Tulipofika, yule bibi wa fimbo akainamia dirishani akauliza, "Minza, umeliwasha au mmelisukuma?"

Basi sikia, mwanangu. Kitu kikikubana, usikimbilie kuking'oa. Uliza kwanza kiliwekwa kwa kazi gani. Sheria ya nyumbani ikikubana, kaa na wazazi mwipanue. Ndoa ikikubana, ongeeni. Mkubwa wako kazini akikubana, mweleze. Kung'oa ni kazi ya nusu saa, kupanua kunataka subira. Na usitafute kusikika kabla ya kuwa na nguvu, kwani debe tupu haliachi kuvuma. Nenda kwa fundi mwaminifu, agiza masega mapana, na umngoje.

Mungu akupanulie kifua na njia. Safiri ukiimba, ufike salama, na watakaokupokea wakuombe ukae.