Tuliyemwogopea Siye

Ukame mkubwa wa miaka ya themanini uliwaua ng'ombe wetu wote kule Korbesa. Walikuwa ng'ombe wa ndugu wawili: baba yangu, na mdogo wake ambaye aliishi nasi. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Ng'ombe wa mwisho alianguka asubuhi. Baba alikaa chini, akaweka mkono shingoni mwa yule ng'ombe mpaka pumzi ikakatika. Baba mdogo alikuwa ameshachomoa kisu.

"Usimchune mbele yangu," baba akasema.

"Ngozi ikiharibika hainunuliwi, kaka. Hawa watoto watakula nini?"

"Mimi nimekwisha."

Baba mdogo akainama. Alichuna.

Tukahamia mjini, mtaa wa Kiwanjani, nyumbani kwa shangazi. Baba alilala mkekani akaugeukia ukuta, wiki baada ya wiki. Mama alimwogesha kama mtoto, na kamba zote za nyumbani akazificha. Baba mdogo alichoma makaa, akachimba vyoo vya watu. Akipewa pole alisema, "Ng'ombe ni mali tu," kisha akaleta utani wa jambo jingine. Nilimpenda sana mwaka ule. Baba nilimwonea aibu.

Mvua ikaja. Watu wa ukoo, kwa desturi yetu ya kumwinua aliyeanguka, wakatuletea mtamba mmoja. Baba alitoka nje akijishika ukutani, akamnusa yule mtamba kichwani, akalia mpaka adhuhuri. Kisha akaomba chai.

Baba mdogo hakutoka kumwona mnyama. "Nina kazi," alisema, na siku hiyo hakuwa na kazi. Tangu hapo akaanza kuacha chakula. Mama alimuuliza kama anaumwa, akacheka.

Asubuhi moja aliondoka bila kuaga. Wachungaji walimkuta upande wa Leparua siku ya tatu, midomo imepasuka, akiwaita ng'ombe waliokufa mmoja mmoja kwa majina yao. Alirudishwa nyumbani, lakini hakutujua tena.

"Mbona hakusema?" mama aliuliza.

"Angesema saa ngapi?" baba akajibu. "Mimi nililala, yeye akawalisha."

Baba mdogo aliishi hivyo miaka minne. Baba ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, akimfuta kidevu, na hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuifanya kazi hiyo. Tulimzika siku ya Ijumaa.