Mfongo Unaishia Hapa

Wiki tatu baada ya kumzika mumewe, Mwalimu Anande aliitwa ofisi ya kijiji kule Uru kuandika mpango wa kukarabati mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. Mumewe, Sifaeli, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo huo. Anande alikwenda kwa sababu aliitwa. Hakuwa na hamu wala uchungu.

Kindness, afisa wa shirika lililotaka kusaidia, alisimama kumpokea. "Shikamoo, Mwalimu. Pole sana."

"Marahaba."

Wajumbe walitaka kila kitu kiandikwe: maji, barabara, zahanati, hata uwanja wa mpira. Kindness akasema mpango wa namna hiyo hautapita. Anande akachukua kalamu, akaandika lengo moja: maji yafike kwenye migomba kabla ya kiangazi. Kisha akauliza saruji itatosha mita ngapi.

"Mia nane, Mwalimu."

Akapima kwenye ramani, akachora mstari baada ya kaya ya arobaini na moja. Kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani alimozikwa Sifaeli, kilikuwa cha arobaini na tatu.

"Mama, tusogeze kidogo tu," mzee mmoja alisema.

"Tukisogeza, kuta zitakuwa nyembamba. Masika zitabomoka."

Akasaini, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Mwezi wa saba maji yalifika mpaka kwenye ule mstari. Majirani walikuja kumshukuru, akawapa viti na chai. Aliwasikiliza wakicheka, akangoja moyo wake useme chochote. Haukusema.