Gia Kubwa ya Mwezi wa Saba

Enzi zetu, na msinicheke kwa sababu nimemaliza chuo juzi tu, baridi ya mwezi wa saba hapa Eldoret ilikuwa baridi kweli, na barabara ilikuwa uji. Siku hizi kijana anaitisha boda aende kununua mkate. Sisi tulikuwa na baiskeli ya Baba.

Baiskeli ile haikujua kupumzika. Gia yake ya nyuma ilikuwa imechomelewa isizunguke bure, kwa hivyo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Breki ilikuwa miguu yako. Baba alikuwa na gia mbili za namna hiyo za kubadilisha: ndogo ya kiangazi, yenye mbio, na kubwa ya matope, iliyopanda mlima polepole bila kukushusha.

Shuleni, mtoto wa kwanza kufika ndiye aliyepiga kengele, yaani rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi. Dada yangu Chebet alikuwa darasa la nane na hakuwa amewahi kuipiga, kwa sababu mwenzake Wafula aliishi karibu na lango la shule.

"Nitamaliza shule hivi hivi," alimlalamikia Baba jikoni, chai ikimpoa mkononi.

Baba akafunga gia kubwa jioni hiyo. "Mlima mtapanda," akasema. "Mkianza kuteremka, msiniulize miguu iko wapi."

Nililala nikiwaza kila namna ambayo tungeweza kuvunjika. Asubuhi tukapanda mlima tumekaa, mimi nyuma kwenye keria, tukiwapita wenzetu wakisukuma baiskeli zao. Kileleni Chebet akaanza kucheka, nami nikajua mambo yameharibika. Pedali zilimshinda kasi. Akainua miguu juu, na breki yetu ikaenda nayo. Mbele yetu, Wafula alikuwa akitoka kwao akitafuna kiazi.

"Wafula, toka njiani!" Chebet akapiga kelele.

"Sitoki, leo pia kengele ni—"

Akatoka. Tulipita lango kama upepo tukaishia kwenye sukuma wiki ya shule. Chebet akainuka na matope mpaka masikioni, akaigonga ile rimu mpaka mwalimu mkuu akatokea na kikombe chake.

"Inatosha, mama. Hata kule mjini Turbo wameamka."

Sasa nina kazi mjini na baiskeli ya aina ile ile. Wiki nzima nimepima, nimesoma na kuwasumbua mafundi kuhusu gia ya msimu huu wa baridi. Mwishowe nikampigia Chebet.

"Weka kubwa, uinue miguu," akasema, tukacheka mpaka simu ikakatika.

Nimeweka kubwa. Leo asubuhi nimeteremka kuelekea shule ile miguu ikiwa juu, koti likipepea, mtu mzima mwenye digrii. Kengele yao siku hizi ni ya umeme, inajipiga yenyewe. Watoto walikuwa wakiingia langoni taratibu, na hakuna aliyekuwa akikimbia.